Karanga za Nachingwea na karatasi yangu ya miaka kumi

Wiki yetu ya kwanza chuoni, mwaka 2022, tulikusanywa ukumbini sisi wa mwaka wa kwanza, mwezeshaji akatugawia karatasi nyeupe. Akasema: andika utakuwa wapi baada ya miaka kumi. Lengo liwe mahususi, lipimike, liwe na tarehe. Dakika kumi na tano. Mimi nilimaliza kwa dakika nane, nikabaki nawaangalia wenzangu wanavyotafuna kalamu.

Karatasi hiyo ninayo mpaka leo. Inasema hivi: 2026 nahitimu jiolojia ya uhandisi kwa GPA isiyopungua 4.0. 2027 naajiriwa kwenye mgodi wa nikeli wa Ntaka, nyumbani Nachingwea. 2029 naenda kusoma shahada ya pili nje. 2032 ni meneja, na mama ana nyumba ya matofali ya kuchoma pale Nambambo, bati la rangi, maji ndani. Mwezeshaji aliisoma mbele ya watu wote kama mfano. Nikapigiwa makofi. Ndugu zangu, makofi yale yamenigharimu.

Kwa sababu mgodi wa nikeli wa Ntaka haukuwepo. Kilima kipo, kiko wilayani kwetu, na nikeli imo ndani yake. Hilo wataalamu walishalipima zamani. Lakini mgodi wenyewe, wa kuajiri watu, hapana. Eneo lile lilikuwa chini ya leseni hodhi, ile inayomruhusu mwekezaji kushikilia eneo bila kuanza kuchimba. Sheria ya madini ikafanyiwa marekebisho mwaka 2017, kanuni zikafuata mwanzoni mwa 2018, leseni hodhi zote zikafutwa. Wawekezaji wakaenda kwenye usuluhishi wa kimataifa. Mwezi Julai 2023 baraza la usuluhishi lililo chini ya Benki ya Dunia likaamua Tanzania ilipe zaidi ya dola milioni 109. Mimi siku hiyo niko likizo, nimelala mkekani chini ya mwembe, naperuzi simu, nakutana na habari hiyo. Nikainuka nikakaa. Yaani wakati naandika "2027 naajiriwa Ntaka", leseni ilikuwa imeshafutwa miaka minne na ushee, na kesi iko kwenye usuluhishi. Kitu ambacho ningekijua kwa bando la shilingi mia tano.

Sasa angalia jambo hili vizuri maana ndilo lililonifanya niandike makala hii. Karatasi yangu ilifaulu vigezo vyote vya semina. Ilikuwa mahususi. Ilipimika. Ilikuwa na tarehe. Haikuwa na kosa lolote la uandishi. Kosa lake lilikuwa nje ya karatasi, huko kwenye ardhi yenyewe, na semina haikuwa na swali hata moja la kunipeleka huko.

Na mtoto wa Nachingwea hana kisingizio katika hili. Mji wetu wenyewe ulizaliwa na karatasi ya namna hiyo.

Wengi mmewahi kusoma kidogo kuhusu mpango wa karanga katika somo la historia, mistari miwili mitatu ya kukariri mtihani. Sisi tumekulia juu yake. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 wakatumwa watu watatu, wakiongozwa na John Wakefield aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, kuja kuangalia kama karanga zinaweza kulimwa kwa mashine huku kwetu. Walizunguka wiki tisa, sehemu kubwa ya nchi waliiona kutoka kwenye ndege. Wakaandika ripoti. Na ripoti ile, wenzangu, ilikuwa mahususi kuliko karatasi yangu mara elfu: ekari 3,210,000, zigawanywe vitengo 107, kila kitengo ekari 30,000, zaidi ya nusu ya vitengo hivyo viwe Jimbo la Kusini, yaani kwetu, kazi yote imalizike kwa miaka sita, gharama pauni milioni 25. Serikali ya Uingereza ikaikubali.

Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa kusafisha ekari 150,000. Kusini hakukuwa na bandari ya maana wala reli, kwa hiyo wakaanzia Kongwa, Dodoma. Matrekta yaliyopatikana yalikuwa mitumba ya jeshi, mengine yametoka Ufilipino, yakaanza kufa moja baada ya jingine. Vifaru vya vita vikageuzwa matrekta, vikaitwa Shervick, navyo havikutosha. Mibuyu ikagoma. Mizizi ya vichaka ikavunja majembe. Udongo wa Kongwa ni wa mfinyanzi, kiangazi unashika kama saruji, sasa karanga inakomaa chini ya udongo, utaing'oaje? Na mvua ya Ugogo kila Mgogo anaijua. Hadi mwaka 1947 unakwisha walikuwa wamepanda ekari kama 7,500. Piga hesabu: asilimia tano ya lengo.

Hapo mtu mwenye akili angesimama. Wao waliendelea, kwa sababu mpango ulikuwa umeshatangazwa bungeni na kwenye magazeti. (Makofi tena.) Huku kusini wakajenga reli kutoka Mtwara mpaka Nachingwea, wakachora mji, wakatengeneza uwanja wa ndege, bandari ya maji marefu Mtwara ikaanzishwa kwa ajili ya karanga zitakazotoka kwetu. Miundombinu ya kusafirisha mazao ambayo hayajawahi kuota! Mwezi Januari 1951 serikali ya Uingereza ikasalimu amri, ikafuta zaidi ya pauni milioni 36 kwenye vitabu vyake. Reli ile iling'olewa miaka ya mwanzo ya uhuru, haina tena. Bandari ya Mtwara ikabaki, nayo leo inapitisha korosho, zao ambalo mpango ule haukulijali kabisa.

Marehemu babu alikuwa na mazoea ya kusema, tukipita maeneo yale ya zamani, kwamba wazungu walikuja kulima na rula. Nilikuwa nacheka tu. Nimekuja kuelewa nikiwa mwaka wa pili, baada ya Ntaka.

Lakini kilichonichoma hasa si historia.

Bodi ya Mikopo ilinipa sehemu, iliyobaki ni ya nyumbani. Nyumbani ni mama na mikorosho yake. Sasa ratiba ya chuo na ratiba ya mkorosho hazipatani: ada inadaiwa Oktoba chuo kinapofunguliwa, wakati huo minada ndiyo kwanza inaanza, na hela ya mnada mpaka ipite chama cha msingi imfikie mkulima, muda umekwenda. Mwezi Agosti 2023 mama akauza kangomba. Kwa wasiotoka kusini, kangomba ni kuuza korosho nje ya mfumo rasmi, wakati mwingine zikiwa bado maua juu ya mti, kwa mtu mwenye hela mkononi, kwa bei ya kutupa. Serikali inaikataza na kila mwaka inatangazwa kwenye mikutano, lakini mwenye shida ya Agosti hasubiri mnada wa Oktoba. Mikorosho ya mama ya upande wa bondeni, msimu mzima, ikaondoka kwa kiasi ambacho naona aibu kukiandika hapa.

Nilipojua nilimpigia. Nikamwambia, mama, kwa nini hukuniambia tukatafuta njia nyingine?

Akasema, "Mwanangu, si ulisema mwaka ishirini na saba unaanza kazi Ntaka? Nikahesabu. Misimu minne tu. Nikaona navumilia."

Nikanyamaza. Mwezi mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimeshasoma ile habari ya kesi, na sikumwambia. Nilijipa moyo kwamba mambo yatakaa sawa. Kwa hiyo mama aliuza msimu wake kwa hesabu niliyompa mimi, wakati mimi mwenyewe tayari najua hesabu ile ni mbovu.

Hapa ndipo nilipojifunza swali la kwanza la kuliuliza lengo lolote la muda mrefu, na halikuwepo kwenye semina: nani analilipia? Tunazungumza malengo kana kwamba ni mali ya mtu binafsi, ndoto yangu, maisha yangu. Hapana bwana. Lengo la mwanachuo wa Kitanzania lina wanahisa. Kuna mama, kuna kaka aliyeacha kuendelea na kidato cha tano ili wewe uende, kuna mjomba aliyetoa mbuzi. Hawa wanapanga maisha yao kwa tarehe ulizozitaja wewe ukiwa umechangamka. Ukibadilisha tarehe bila kuwaambia, wao wanaendelea kulipa ile ya zamani.

Nilienda nyumbani likizo iliyofuata, nikamwamkia mama, nikakaa naye jikoni nikamweleza yote: leseni, kesi, kufutwa. Alisikiliza huku anapepeta mchele. Kisha akaniuliza swali moja, "Sasa hicho unachosoma, hapa Nambambo kinatumika wapi?" Sikuwa na jibu. Mwaka mmoja na nusu wa jiolojia, sina jibu la swali la mama.

Nisiseme uongo kwamba nilipata ufunuo usiku ule. Nilikaa wiki kadhaa nimenuna. Nilifikiria hata kuhama kozi, wenzangu wawili walikuwa wanahamia mambo ya kompyuta wakidai ndiko kwenye michongo. Kilichonitoa hapo ni historia nyingine ya huko huko kwetu, ambayo nayo nilikuwa nimeizoea mpaka siioni.

Mpango wa karanga ulipokufa uliacha mashamba na majengo. Mwaka 1964 wapiganaji wa FRELIMO walipewa kambi Kongwa. Mwaka uliofuata wakafungua kambi kubwa zaidi Nachingwea, mahali wenyeji wanapopaita Farm 17. Hebu fikiria: Kongwa na Nachingwea, sehemu zile zile mbili ambazo mpango mmoja mkubwa umeshindwa, zikawa za watu wenye mpango mwingine mkubwa. Na huu wa pili ulifika.

Tofauti yao si kwamba FRELIMO walikuwa na lengo dogo. Lao lilikuwa kubwa zaidi: kumtoa Mreno Msumbiji. Chama kiliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962. Vita vikaanza 25 Septemba 1964, wapiganaji waliofunzwa wakiwa kama 250 tu, wa kwanza wao wamepikwa Algeria. Walianza kwa kujaribu mikoa kadhaa kwa pamoja, Cabo Delgado, Niassa, Zambezia, Tete. Zambezia na Tete zikawashinda. Malawi iliyoingia katikati haikuwa rafiki, njia za vifaa zikakatika. Sasa soma hapa polepole. Hawakung'ang'ania kwa sababu walishatangaza. Walizifunga zile mbili, wakarudisha nguvu Cabo Delgado na Niassa ambako mpaka wa Tanzania uko mgongoni, na Tete wakairudia mwaka 1968 walipokuwa wameshajipanga. Kambini Nachingwea mpiganaji alifundishwa bunduki na pia alishika jembe; walilima chakula chao. Februari 1969 rais wao Eduardo Mondlane akauawa kwa bomu Dar es Salaam. Wakagombana vibaya wenyewe kwa wenyewe, na sitaki kuipaka sukari historia ile, maana waliokosana na uongozi waliteswa na hesabu hizo, wengine hapo hapo Nachingwea. Samora Machel, aliyeiongoza kambi yetu, akawa rais wa chama mwaka 1970. Mkataba wa Lusaka ukatiwa saini 7 Septemba 1974. Mwezi Mei 1975 Machel akavuka Ruvuma kuanza safari ya kuizunguka nchi yake kuelekea mji mkuu, na uhuru ukatangazwa 25 Juni 1975. Miaka kumi na mitatu kamili kutoka siku ya kuunda chama, mpaka tarehe.

Mimi navyoona, watu wa karanga walishikilia namba na njia, wakaacha kuuliza ardhi. Wale wa pili walishikilia mahali pa kufika tu. Njia, idadi, mwaka, hivyo vyote vilikuwa vya kubadilika kila taarifa inapofika kutoka mstari wa mbele. Karatasi zetu za semina zinatufundisha namna ya wa kwanza: mwaka 2027 hivi, mwaka 2029 vile. Namba nyingi, hakuna mahali pa kuandikia taarifa ya kutoka mbele.

Basi nikachukua karatasi nyingine. Safari hii sikuanza na cheo wala kampuni. Nilianza na swali la mama: kinatumika wapi. Nikaanza kuorodhesha vitu vya nyumbani vinavyohusu mawe na udongo, na kitu cha kwanza kilikuwa maji. Mji wetu pamoja na Masasi unategemea chanzo cha Mbwinji, lakini ukitoka kidogo tu vijijini ni visima, na visima vingine vinachimbwa vikavu. Kisima kikavu ni mamilioni yametiwa shimoni. Anayepunguza uwezekano huo ni mtu wa jiolojia aliyesomea maji ya chini ya ardhi. Nilikuwa nimeipita mada hiyo darasani mwaka wa kwanza nikiiona ni ya kupatia alama.

Nikaandika sentensi moja tu: nataka niwe mtu anayeaminika kusema maji yako wapi chini ya ardhi ya Lindi. Hakuna mwaka. Hakuna meneja.

Halafu, kabla sijamwambia mtu yeyote, nikatafuta shamba la majaribio. Hii ndiyo sehemu ninayotaka uibebe kama kuna moja ya kubeba. Wakefield angeweza kulima ekari mia moja Kongwa kwa misimu miwili, angejua kila kitu kuhusu udongo ule kwa pesa ndogo. Mimi nikamwomba fundi mmoja wa kupima visima anichukue likizo ya 2024, wiki tatu, bila malipo, nibebe nyaya. Akakubali akicheka. Tulipigwa jua. Tulichomeka vyuma ardhini mstari mrefu, tukapitisha umeme, tukasoma namba, tukahama, tena. Kisima cha kwanza kikatoka maji. Cha pili mita nyingi zikachimbwa, vumbi tupu. Jioni ile, wanakijiji wameondoka kimya, fundi amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa anarudia kupiga hesabu za mchana, na mimi pembeni yake nataka kujua tulikosea wapi mpaka nikasahau kula. Hapo nikajua. GPA isingeniambia hilo.

Jaribio jingine lilikufa, nalo ni faida. Nilidhani nitapenda kufundisha, nikajitolea tuisheni ya fizikia mwezi mmoja. Siku ya nane nikawa naomba mvua inyeshe wanafunzi wasije. Gharama: nauli ya daladala. Mtu mwingine anakuja kuligundua hilo akiwa na miaka kumi kazini.

Wanaoniuliza jinsi ya kulipata shamba la majaribio, nawajibu: mtafute mtu anayefanya kazi hiyo unayoitamani, si bosi wa ofisi, yule wa chini yake kidogo. Muulize siku yake ya Jumanne inakuwaje. Jumanne hasa, si siku ya uzinduzi. Halafu omba kushika kitu. Mwanasheria akuache upange mafaili, mfamasia akuache uhesabu vidonge mbele yake. Ukikataliwa na wa kwanza nenda kwa wa pili. Mimi nilikataliwa na wanne, mmoja wao alinijibu kwa alama ya kidole gumba tu.

Tarehe sijaziacha kabisa. Ila zimebadilika kazi. Zamani tarehe zangu zilikuwa za kufika. Sasa ni za kujikagua. Kila boom la kwanza la muhula likiingia, kabla sijanunua chochote, nakaa na daftari nusu saa na kuandika nini nimejifunza kutoka huko mbele na nini kingenifanya niache. Kwa sasa nimeandika hivi: kama mpaka nakaribia kuhitimu sijapata mtu wa kunisimamia angalau visima kumi, ina maana mlango huu wa Lindi umefungwa kama Zambezia, nitaingilia mkoa mwingine au kwa kuanzia kwenye taasisi kama RUWASA au kampuni yoyote ya kuchimba. Hadi leo nina visima vinne.

Na jambo la mwisho kwenye daftari ni wanahisa. Kila nikijikagua, nampigia mama nampa ripoti, hata ikiwa mbaya. Muhula uliopita ilikuwa mbaya, nilipata supu ya hesabu. Akanyamaza kidogo, akaniuliza kama ada ya Oktoba itabadilika. Nikamwambia haibadiliki, na kwamba hela ya kubeba nyaya safari hii nalipwa kidogo, naiweka. Tumekubaliana mikorosho ya bondeni mwaka huu haiguswi mpaka mnada.

Juzi kanitumia ujumbe wa sauti. Anasema mikorosho imeanza kutoa maua, kapulizia salfa mara ya kwanza, na yule mtu wa kangomba kapita asubuhi kusalimia. Kampa maji ya kunywa, akaenda zake.